Kosa la Nane

Jumatatu, tarehe 12 Januari. Mawingu mepesi tangu alfajiri, upepo hakuna, joto la kunata. Siku hiyo chuo kilifunguliwa, na fundi mwalimu wa karakana alikuwa amepiga magoti sakafuni tangu saa moja, akipaka upya mstari wa njano.

Wanafunzi walimwita Mzee Mstari. Wenyewe walidhani hajui. Mstari ulizunguka karakana nzima: ndani yake mashine, nje yake njia ya kupita. Mwanafunzi asiye na kadi haruhusiwi kuweka hata ncha ya kiatu upande wa mashine. Na kadi haikuwa kadi mpaka iwe na sahihi yake, sahihi ndefu yenye mkia, aliyoipiga kwa wino mweusi tu. Miaka kumi na tisa alikuwa akiipiga. Wanafunzi wa uhandisi waliopita mikononi mwake walifika mia saba na kitu, na wote walitoka na vidole kumi kumi kama walivyoingia. Hilo hakulisema mara kwa mara. Mara moja kwa wiki lilimtosha.

Alikuwa kwenye kona ya mwisho, karibu na mashine ya kutobolea, alipoona viatu vikisimama mbele ya brashi.

"Shemeji, unasujudu?"

Alikuwa mdogo wa mkewe, mwalimu wa umeme, kijana wa miaka thelathini na minne mwenye kucheka kabla hajamaliza sentensi. Alikuwa amekumbatia sanduku jeusi.

"Toa mguu. Rangi mbichi," alisema Mzee Mstari.

"Zimefika, shemeji. Miwani kumi za kompyuta. Unavaa, unajikuta karakanani, mashine zote zipo, ukikosea unakatwa mkono, na mkono wako bado upo. Njoo uwe wa kwanza kuvaa."

"Macho yangu hayapatani na televisheni."

"Si televisheni. Unaingia ndani."

"Mimi niko ndani," alisema Mzee Mstari, akachovya brashi.

Siku tatu baadaye mkuu wa idara, mama mfupi asiyependa vikao virefu, aliwaita wote wawili ofisini na kueleza kwa dakika sita. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa ishirini. Kumi wangefundishwa usalama na Mzee Mstari kama kawaida, kumi na shemeji yake kwa miwani. Baada ya wiki mbili, Alhamisi tarehe 29, wote wangepimwa kwenye karakana yenyewe, kwa mtihani uleule wa siku zote: makosa saba yaliyofichwa, kila mwanafunzi anaingia peke yake, ana dakika tano kuyaona na kuyarekebisha.

"Ambaye kundi lake litafanya vizuri, yeye ndiye atakayekuwa anasaini kadi kuanzia mwaka huu," alisema. "Sitaki sahihi mbili kwenye kadi moja. Makosa utayaweka wewe, Mzee, maana ndiyo kazi yako. Orodha uniletee kwenye bahasha."

Shemeji alicheka. "Mimi naona hata akisaini yeye ni sawa, Mama."

Maneno hayo yalimchoma Mzee Mstari kuliko kama angetukanwa. Mtu anayekuachia kitu chako mwenyewe kwa hisani, huyo amekwisha kukihesabu kuwa chake.

Wiki mbili hizo alifundisha kama alivyofundisha siku zote. Siku ya kwanza aliwasha moto wa gesi, akakipasha kipande cha chuma mpaka kikawa chekundu, akakiacha juu ya tofali hadi kikarudia weusi wake. Kisha akauliza, "Nani anaweza kuniambia kama hiki kina moto?" Wakatazamana. Akadondosha tone la maji, likaruka na kupotea kwa mlio mkali. "Chuma hakisemi," aliwaambia. "Kikiwa chekundu kinakuonya kwa hisani yake tu. Kikiwa cheusi, kimenyamaza. Kabla hujashika chuma chochote usichokijua, mgongo wa mkono kwanza. Unausogeza taratibu, husemi nacho kwa kiganja. Ukiungua mgongo wa mkono kidogo, bado utashika kalamu. Ukiungua kiganja, utashikiwa."

Kila mwaka, hapo, darasa lilikuwa likicheka. Mwaka huu kicheko kilitoka upande wa pili wa ukuta.

Chumba cha miwani kilikuwa nyuma ya ukuta huo hasa. Alisikia mayowe, alisikia vigelegele, alisikia sauti ya binti ikipiga kelele, "Mwalimu, nimekatwa tena!" na wengine wakipiga meza. Wanafunzi wake kumi waliinua shingo kama kuku waliosikia mahindi yanamwagwa kwa jirani.

"Nitazame mimi," alisema.

Walimtazama. Lakini kutazamwa na mtu uliyemwomba akutazame si kutazamwa.

Alianza kufagia. Mtu aliyekuwa na msaidizi wa usafi alishika ufagio mwenyewe na kufagia kibaraza, mara tatu kwa siku, na kila mara kibaraza kilikuwa kichafu zaidi mbele ya dirisha la chumba cha miwani. Aliona watu kumi wamesimama na masanduku usoni, wakipapasa hewa. Aliona wakiinama kwenye mashine zisizokuwepo, wakizima swichi za hewani. Alitaka kucheka. Badala yake aliona jinsi binti mmoja, binti wa fundi cherehani wa barabara ya nyuma ya chuo, alivyorudia zoezi lile lile mara nane bila kuchoka, na mara ya nane alipovua miwani uso wake ulivyong'aa, na jinsi alivyomgeukia shemeji na kusema, "Sasa ninaielewa." Katika miaka kumi na tisa, Mzee Mstari hakukumbuka hata mwanafunzi mmoja aliyeomba arudie somo lake mara ya pili.

"Shemeji, vumbi limekwisha," sauti ilitoka ndani. "Umebaki kufagia sementi." Wanafunzi wakaangua kicheko, na mwenye ufagio akaondoka na kicheko kimemganda mgongoni.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Mkewe alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke wa maneno machache isipokuwa alipomzungumzia mdogo wake. Alikuwa amekata picha yake kwenye jarida la chuo, mdogo mtu kavaa miwani na kunyoosha kidole, akaibandika kwenye mlango wa kabati.

"Huyu nilimbeba mgongoni," alisema kila alipochukua sukari.

"Na mimi nilimfundisha kushika msumeno," alijibu mumewe.

"Basi si furaha yetu sote?"

Alikunywa chai yake. Ilikuwa na sukari ya kutosha, akaiona chungu.

Wazo lilimjia Jumanne, siku mbili kabla ya mtihani, na halikuja kama ubaya. Lilikuja kama hoja. Je, miwani ina joto? Haina. Ndani ya miwani chuma cha moto na chuma baridi ni picha ile ile. Je, si haki mkuu wa idara alijue hilo kabla hajawakabidhi watoto wa watu? Ni haki. Kwa nini basi asiliseme tu ofisini? Hapo hoja ilijikwaa kidogo, ikanyanyuka, ikajibu: kwa sababu kusema ni maneno, na maneno ya mzee mwenye wivu yana bei gani? Aliridhika na jibu hilo bila kulichunguza, yeye aliyechunguza kila kitu.

Alipanga kama anavyopanga kazi. Orodha kwenye bahasha ilikuwa na makosa saba: ufunguo ulioachwa kwenye kichwa cha mashine ya kukereza, kifuniko cha mkanda kilicholegezwa, mafuta sakafuni, waya uliochubuka, miwani ya kinga iliyopasuka, mtungi wa kuzimia moto uliogeuzwa nyuma, na swichi nyekundu iliyofunikwa na kitambaa. Kosa la nane halikuandikwa. Lilikuwa kipande kinene cha shafti, nondo ya chuma ya mviringo, urefu wa shubiri, kilicholala kwenye njia ya kupita, hatua moja kutoka mstari wa njano. Kila aliyefundishwa usalama, awe kwa mdomo au kwa miwani, anajua kuwa kitu kikilala njiani kinaokotwa. Wake wangekipima kwa mgongo wa mkono, wakakiacha kilipo. Wale wengine wangekiokota.

Alipiga hesabu ya moto. Angekipasha saa tatu kasoro dakika kumi, si mpaka wekundu, mpaka maji yaruke juu yake tu. Kwa daftari la majina kundi lake lingeanza, wanafunzi kumi, dakika tano tano. Hadi zamu ya kundi la miwani, kipande kingekuwa kimepoa kiasi cha kumfanya mtu aruke na kukiachia, bila kumchubua. Mtu angepiga yowe, mkuu wa idara angeona, mambo yangekwisha. Hakuna atakayeumia. Hilo alijiambia mara nyingi, na mtu hajiambii mara nyingi jambo analoliamini.

Alhamisi ilifika. Saa tatu kamili wanafunzi walikuwa nje kibarazani. Ndani, kwenye ukuta wa mwisho, walisimama watatu: mkuu wa idara na karatasi zake, shemeji, na Mzee Mstari. Sheria ilikuwa moja: msimamizi akitoa sauti, mtihani wa mwanafunzi huyo umefutwa.

Mkuu wa idara alitazama orodha. "Kwenye daftari wanaanza wa kwako, Mzee. Leo tugeuze. Waanze wa miwani."

Mzee Mstari alipiga hatua mbele. "Daftari linasema..."

"Daftari ni langu. Ingiza."

Aliyeingia alikuwa binti wa fundi cherehani.

Alisimama mlangoni kwa muda, akitazama tu, na Mzee Mstari, hata katika hali ile, aliona kuwa anatazama vizuri. Alianza na swichi nyekundu, akakiondoa kitambaa. Akachomoa ufunguo. Akakaza kifuniko. Akamwaga mchanga kwenye mafuta. Hakukimbia. Miguu yake haikugusa mstari hata mara moja. Makosa matano, sita, saba, na dakika zilikuwa bado tatu. Shemeji alikuwa akiuma mdomo kwa kuzuia furaha. Kisha binti akageuka kutoka, akakiona kipande cha shafti njiani.

Dakika kumi na tatu tu tangu kitoke motoni. Mzee Mstari alijua kwa nini kimelala pale, akajua pia kuwa kilikuwa kingali na moto wa kunyofoa ngozi.

Binti aliinama.

Palikuwa na nafasi ya kupiga kelele. Neno moja, "Acha!", lingetosha, na yeye alikuwa na sauti iliyozoea kushinda mashine sita. Neno lilimfika kooni. Lakini pamoja nalo lilifika swali: wakiniuliza nimejuaje? Akalimeza neno. Badala yake akaruka, akavuka mstari wake mwenyewe, akampita binti kwa bega, na kukinyakua kipande kwa kiganja, kama mtu anayeondoa taka.

Alikishika kwa muda wa kusema moja. Kisha kilidondoka na yeye akakaa chini.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Shemeji ndiye aliyemkokota hadi bombani na kuuweka mkono chini ya maji, akiushikilia pale, akisema, "Vumilia, shemeji, vumilia, usiutoe." Mkuu wa idara alisogeza mgongo wa mkono wake juu ya kipande, akauondoa upesi.

"Hiki si kati ya saba," alisema. "Nani ameacha chuma cha moto njiani?"

"Watakuwa watu wa kulehemu," alijijibu mwenyewe. Akawaita wanafunzi waliokuwa wamejazana mlangoni. Akawageukia wa kundi la Mzee Mstari. "Ninyi mngefanya nini?"

"Mgongo wa mkono kwanza, Mama!" walijibu wote kwa sauti moja, kama kwaya.

"Na wewe?" akamuuliza binti.

"Mimi... ningekiokota, Mama. Nilikuwa nakiokota."

Mkuu wa idara alifunga faili lake. "Basi. Sina haja ya kuendelea. Sahihi inabaki kwa Mzee."

Hivyo ndivyo alivyoshinda, akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkono kwenye maji. Watu wakampiga mabega. Mmoja alisema mzee ana macho ya mwewe, ameona moto ambao hauonekani. Binti wa fundi cherehani alimpigia goti mbele ya ndoo.

"Asante, Mwalimu. Kwetu mkono ndio kila kitu. Baba akiumwa, mimi ndiye ninayeshona. Sijui ningemwambia nini."

Mzee Mstari alitikisa kichwa. Wote waliona unyenyekevu.

Zahanati ya chuo ilimfunga bendeji kuanzia kifundo hadi ncha za vidole. Nyumbani mkewe aliifungua, akaikagua kazi ya wenzake, akaifunga tena vizuri zaidi. Habari zilikuwa zimemtangulia.

"Nimewaambia watoto kwa simu," alisema. "Nimewaambia baba yenu amejitia motoni kwa ajili ya mtoto wa mtu."

"Ungesubiri kwanza."

"Nisubiri nini? Acha nijivunie. Siku zote nalaumiwa namsifu mdogo wangu tu."

Kabla ya magharibi shemeji alibisha hodi. Hakucheka. Alikaa kwenye kochi, akaweka simu yake mezani kifudifudi.

"Pole, shemeji. Nimekuja kukwambia umenishinda, na umenishinda kwa haki. Nilifundisha macho, nikasahau ngozi. Nimefikiria kutwa nzima. Vile vishikio vya miwani vinaweza kutetemeka. Tukiweka chuma cha moto humo, mtu akisogeza kiganja, kishikio kitetemeke; akisogeza mgongo wa mkono, asidhurike. Lakini sijui kiasi, sijui umbali. Njoo unifundishe. Tuliweke somo lako humo ndani, na jina lako."

Kama angekuja na dhihaka, Mzee Mstari angeweza kunyamaza mpaka kaburini. Lakini hili lilimfika mahali ambapo hakuwa ameweka kinga. Aliona kuwa kijana huyu anajua hata kushindwa kuliko yeye anavyojua kushinda, na akamwonea wivu hata kwa hilo.

"Nilikiweka mimi," alisema.

"Nini?"

"Kile chuma. Si watu wa kulehemu. Nilikipasha mwenyewe, nikakilaza njiani. Kwa ajili ya wanafunzi wako."

Mkewe, aliyekuwa anakunja mabaki ya bendeji, alisimamisha mikono. Shemeji aliuliza swali la fundi.

"Kilikuwa na moto kiasi gani?"

"Nilikadiria kingekuwa kimepoa. Nilidhani wangu wataanza."

"Ulikadiria." Shemeji alilirudia neno polepole. "Wewe. Uliyenichapa kwa rula kwa sababu nilikata ubao kwa kukadiria. Mkono wa mtu ndio ukaukadiria?"

"Nilikuona dirishani na ufagio," shemeji aliendelea. "Nikacheka. Nilidhani ni wivu wa kawaida, wa kuoga na kuisha." Alisimama. "Mimi sitasema kwa mtu. Kusema ni kwako."

Alipita mlangoni bila kumuaga dada yake. Mke alibaki amesimama, bendeji mkononi.

"Na ulimwona yule binti akipiga goti kukushukuru," alisema.

"Nilimwona."

"Ungeweza kupiga kelele."

"Ningeweza."

"Mbona hukupiga?"

Alimwambia kwa nini. Mwanamke aliyefunga vidonda vya watu miaka thelathini aliiweka bendeji mezani, akaenda chumbani, akafunga mlango taratibu.

Asubuhi ya Ijumaa mkewe alimfunga vifungo vya shati bila neno, maana mkono haukuweza. Saa moja na dakika kumi alikuwa amesimama mlangoni kwa mkuu wa idara, kabla ya karani kufika. Alieleza akiwa wima. Hakuitaja haki, wala hoja ya Jumanne. Mkuu wa idara alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani yake ya kusomea, akaifuta, akaivaa tena.

"Barua ya onyo utaipata," alisema. "Sahihi atapiga mwenzako. Na kwa sheria za karakana, ambazo nadhani uliziandika wewe, aliyesababisha ajali hagusi mashine mpaka afundishwe upya."

"Ndiyo, Mama."

"Kafundishwe."

Alikwenda chumba cha miwani. Wote kumi walikuwamo. Alimtafuta binti wa fundi cherehani kwa macho, akamwambia mbele ya wenzake, kwa sauti ile ile anayofundishia, kuwa chuma kile alikiweka yeye kwa makusudi, kuwa hakumwokoa, na kuwa anaomba radhi bila kutarajia kujibiwa. Binti aliitazama bendeji, kisha akaingiza mikono yake yote miwili kwenye mifuko ya aproni.

Shemeji alichukua miwani mezani, akamvalisha, akakaza mkanda kuliko ilivyohitajika. Akamwekea kishikio kwenye mkono wa kushoto.

Ilikuwa karakana yake. Mashine zote mahali pake, hata mstari, ila njano ya humo ilikuwa nzuri zaidi. Alizunguka akipapasa kwa mkono usiozoea, akajikwaa kwenye meza ya kweli, akakatwa kidole mara mbili. Dakika tano zilipokwisha, namba kubwa ilitokea mbele ya macho yake: sitini na nane.

"Nani anaongoza humu?" aliuliza gizani, miwani bado usoni.

Shemeji akasema, "Binti wa fundi cherehani. Tisini na sita."

Mzee Mstari alihisi kitu kile kile kikimkwaruza kifuani, kizima kabisa, wala hakikuungua pamoja na mkono.

"Nirudishe mwanzo," alisema.